Maua Yanayoita Usiku

Paukwa!

Pakawa, nimewasikia. Haya sogeeni, wajukuu zangu, maana leo sina sungura wala fisi. Leo nina maua. Najua wengine wenu mnaona maua ni mambo ya harusi na ya kupokea wageni wa heshima tu, lakini haya ninayowaletea yanajua saa, yanachagua mgeni wa kumkaribisha, na mojawapo liliwaacha wataalamu wa Ulaya wakisubiri jibu kwa zaidi ya miaka 40. Nitawafundisha pia kuyatunza. Ila hadithi kwanza, kwa sababu anayeotesha maua haya bila kujua hadithi yake huishia kuyaua kwa mapenzi.

Tuanzie nyumbani, pwani. Kwenye misitu ya Kilifi na Kwale, ukishuka mpaka upande wa Tanga, kuna mmea unaoota juu ya miti na juu ya miamba ya matumbawe. Majani yake ni marefu na mazito, yamepangwa pande mbili, moja kushoto moja kulia, toka chini hadi juu. Udongoni haumo. Mizizi yake ina unene wa penseli. Mingine imeng'ang'ania gome la mti, mingine inaning'inia hewani haijashika kitu. Asiyeujua hudhani unaunyonya mti ulioukalia. Haunyonyi hata tone. Umepanda juu kutafuta mwanga na upepo, basi, na chakula chake unajipikia wenyewe kwa majani yake.

Mmea huo ni wa jamii ya okidi, jamii yenye spishi zaidi ya 25,000 duniani. Wataalamu wanauita Angraecum eburneum, na huu wa kwetu wameuongezea jina giryamae, kwa kuwataja Wagiriama wa pwani ya Kenya. Mimi nitauita okidi ya Kigiriama, mtaniwia radhi.

Ukibahatika kuukuta umechanua, usiondoke haraka. Kikonyo kirefu kinatoka kwapani mwa jani, na maua yamejipanga juu yake. Tazama moja tu, kwa macho, mikono nyuma. Vipande vitano ni vyembamba, vimechongoka, rangi yake kijani kilichofifia. Cha sita ni kingine kabisa: kipana, cheupe pe, kinang'aa, nacho kimekaa juu badala ya kukaa chini kama ilivyo kwa okidi nyingi. Ua zima limesimama kichwa chini miguu juu. Sasa chungulia nyuma yake. Kutoka kwenye kile kipande cheupe unatokea mrija mwembamba wa kijani. Tuuite mkia. Ndani ya mkia huo, kule kwenye ncha, ndiko kuna mbochi, yaani yale maji matamu ambayo wadudu na ndege huyafuata mauani.

Sogeza pua saa sita ya mchana. Husikii kitu, au unasikia harufu hafifu mno hata unajiuliza kama ni ua au ni mawazo yako. Nenda zako, ukale, ukaoge. Rudi baada ya adhana ya magharibi, giza likianza kushika. Hapo hata huna haja ya kusogeza pua. Harufu inakufuata ulipo, tamu, nzito, na mtu anayepita njiani anageuza shingo akitafuta inakotoka.

Ni ua lilelile, mmea uleule. Kilichobadilika ni saa.

Kutengeneza harufu ni kazi, wanangu. Mmea unatumia nguvu uliyoipata juani kutoa harufu hiyo, na nguvu haichezewi. Kwa nini uitoe mchana, wakati unayemwita amelala? Mgeni wa okidi ya Kigiriama ni nondo, wale wakubwa wenye mwili mnene na mbawa nyembamba, wanaoruka kwa kasi na wanaoweza kuelea hewani mbele ya ua bila kutua. Huyo hutoka usiku. Kwa hiyo ua limejiandaa kwa ajili yake kwa kila kitu: weupe, ili lionekane gizani, harufu, ili apate njia akiwa bado mbali, na mkia mrefu wenye kinywaji ambacho nyuki na inzi hawakifikii hata wakihangaika kutwa nzima.

Ule mkia ndio uliozua hadithi yenyewe. Tuvuke maji, twende Madagaska.

Huko anaishi ndugu yake okidi ya Kigiriama, jina lake Angraecum sesquipedale. Ua lake lina umbo la nyota, limejaa kiganja cha mtu mzima na kupita. Lakini mkia wake! Toeni rula zenu za shule, zile za sentimita 30. Huo ndio mkia, rula nzima, ukipungua ni kidogo. Na mbochi imo kwenye sentimita chache za chini kabisa.

Mwezi Januari 1862 Mwingereza mmoja aliyezipenda okidi sana, James Bateman, alimpelekea Charles Darwin sanduku lenye maua haya. Darwin wakati huo alikuwa akiandika kitabu juu ya namna wadudu wanavyozichavusha okidi. Alipoupima mkia ule alishtuka, akajiuliza ni mdudu gani duniani anayeweza kunywa humo. Hakuishia kushangaa. Alichukua vijiti vyembamba akawa anaviingiza mkiani na kuvitoa, akijifanya yeye ndiye mdudu, mpaka akaona ni wakati gani chavua inang'oka na kugandia. Kisha akaandika bila kigugumizi kwamba Madagaska lazima kuna nondo mwenye ulimi wa kufika inchi 10 au 11, yaani sentimita 25 hadi 28.

Nondo huyo alikuwa hajaonekana na mtu yeyote wa sayansi. Wako wataalamu wa wadudu waliomcheka Darwin, naye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alichekwa.

Wa kumtetea alipatikana mwaka 1867, naye ni Alfred Russel Wallace. Wallace alimpima nondo mmoja wa makumbusho ya London aliyetoka kwenye joto la bara letu la Afrika, akakuta ulimi wake unakaribia sentimita 19. Akasema, ikiwa huyu yupo, basi mwenye ulimi mrefu zaidi naye yupo, na atakayekwenda Madagaska amtafute akiwa na hakika ya kumpata.

Darwin alifariki mwaka 1882. Nondo alikuwa bado. Mwaka 1903 ndipo Walter Rothschild na Karl Jordan walipomwandika nondo mkubwa wa Madagaska mwenye ulimi unaotosha, wakampa jina praedicta, aliyetabiriwa. Hata hapo hakuna aliyekuwa amemwona akinywa kwenye ua lile. Hilo lilishuhudiwa mwaka 1992, miaka 130 tangu sanduku la Bateman lifunguliwe. Na mwaka 2021 watafiti wakathibitisha kwamba nondo huyo ni spishi yake peke yake, na mmoja waliyempima alikuwa na ulimi wa sentimita 28.5. Hajulikani mdudu mwingine mwenye ulimi mrefu kuliko huo. Akiwa hanywi, anaukunja mviringo chini ya kichwa, na ukimwona hivyo huwezi kudhani amebeba kitu kirefu namna hiyo. Yule jamaa yake aliyepimwa na Wallace, anayeitwa Xanthopan morganii, anaishi huku kwetu bara, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Najua kuna mmoja wenu ana swali. Kwa nini ua liufanye mkia kuwa mrefu hivyo? Si lingeweka mbochi karibu, kila mtu anywe, yaishe?

Fikirini. Okidi haitoi chavua ya unga unaopeperuka kama mahindi. Chavua yake imeshikamana kuwa vidonge vidogo vyenye gundi, na vidonge hivyo viko mlangoni mwa mkia. Mkia ukiwa mfupi, nondo atasimama mbali, atanyosha ulimi, atakunywa na kuondoka bila kugusa mlango. Mkia ukiwa mrefu, inabidi asukume kichwa mpaka ndani ili alifikie tone la mwisho. Anapojivuta kutoka, vidonge vimemgandia, na anakwenda navyo hadi ua la pili. Kwa hiyo ua lenye mkia mrefu kidogo kuliko wenzake linapata mbegu nyingi, na nondo mwenye ulimi mrefu kidogo kuliko wenzake anapata kinywaji kingi. Kizazi kwa kizazi, wamevutana mpaka kufika kwenye rula nzima. Katika mambo yote niliyowahi kusoma juu ya maua, hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine.

Sasa tuje kwenye kutunza. Mmeshajua okidi hizi zinaishi wapi: juu ya mti, penye upepo, mvua inanyesha na baada ya saa chache gome limekauka. Mtu anayezileta nyumbani, akazifukia kwenye udongo wa bustani na kumwagilia kila jioni kama mchicha, anazizika. Mizizi inakosa hewa, inaoza, na majani yananywea. Mwenyewe akiona majani yamenywea anasema mmea una kiu, anaongeza maji. Okidi nyingi za majumbani zinakufa hivyo.

Njoo uutazame mzizi wenyewe kwa karibu. Ukiwa mkavu una rangi ya fedha, nyeupe ya majivu. Uloweke, uhesabu mpaka kumi: unageuka kijani mbele ya macho yako. Nje ya mzizi kuna ngozi nene ya seli zilizokufa, tupu ndani, inayofyonza maji kama kitambaa cha kufutia meza na kuyapitisha kwa mzizi ulio hai katikati. Maji yakijaa, ngozi inapitisha mwanga na kijani cha ndani kinaonekana. Kwa hiyo huna haja ya kuuliza mtu yeyote lini umwagilie. Mzizi ukiwa wa fedha, mwagilia. Ukiwa bado kijani, ondoka hapo.

Njia iliyo nzuri kuliko zote pwani na popote penye joto ni kuifunga okidi kwenye mti. Chagua mti wenye gome la mikwaruzo lisilobanduka. Mwembe unafaa sana. Mkaratusi haufai wala mpera, kwa sababu gome lao hubanduka na kuondoka na mizizi yote. Funga mwanzoni mwa masika, mizizi mipya inapoanza kuchipua ncha za kijani, ili mvua ikusaidie kazi. Tumia kitambaa laini, soksi kuukuu iliyokatwa vipande inatosha, wala usitumie waya. Kaza mpaka mmea usitikisike upepo ukivuma, maana ncha ya mzizi ikisuguliwa inakufa. Baada ya miezi kadhaa mizizi itakuwa imeshika yenyewe, na hapo unafungua kamba zako.

Asiye na mti atumie chungu chenye matundu mengi au kikapu cha vijiti, akijaze vipande vya mkaa, vigae na magome makavu. Makumbi ya nazi yanafaa pia, lakini kwanza yalowekwe na kusuuzwa kwa maji baridi mara kadhaa, kwa sababu yana chumvi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba usiyaguse kabisa. Chumvi ni adui mkubwa wa mizizi hii, na hapo ndipo watu wa pwani wanapoponzwa na maji ya kisima. Ukiona ncha za mizizi zinageuka nyeusi, na utando mweupe umetanda kwenye mkaa, basi onja maji unayomwagilia. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo au pipa na uyaweke kwa ajili ya okidi zako. Mwagilia asubuhi, majani yapate mchana mzima wa kukauka. Wakati wa kaskazi, jua linapochoma na mvua hakuna, mmea uliofungwa mtini unaweza kutaka maji kila siku. Wa chunguni utavumilia siku tatu au nne. Wakati wa masika, acha mvua ifanye kazi yake.

Mwanga nao unasomwa kwenye jani. Jani la kijani kizito, lililorefuka na kulegea, linasema hapa ni giza. Mmea utaishi lakini hautachanua. Jani la kijani kinachoelekea manjano kidogo, gumu, limeridhika. Lenye mabaka yaliyobabuka limeungua. Wakati wa jua kali weka mgongo wa mkono juu ya jani: likiwa la moto, hamishia kivulini. Okidi ya Kigiriama inapenda mwanga mwingi kuliko okidi nyingi, ila si lile jua la saa saba likiwa wima. Mbolea iwe kidogo, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila baada ya wiki mbili wakati mmea unakua, na uimwage baada ya kulowesha mizizi kwa maji matupu. Wadudu wenye gamba wanaojigandisha chini ya majani, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Hayo mawili sina zaidi ya kuyasema.

Lakini okidi zile za dukani, zenye maua makubwa ya zambarau au meupe, mbona hazinukii? Hizo nyingi ni Phalaenopsis, asili yake Asia ya kusini mashariki. Wakuzaji walichagua kwa vizazi vingi zile zenye maua makubwa na yanayodumu miezi, na harufu haikuwa sehemu ya mashindano. Ziko zinazonukia: Phalaenopsis bellina ya kisiwa cha Borneo inanukia mchana, na kuna okidi chotara iitwayo Sharry Baby inayonukia chokoleti, nami sitanii. Brassavola nodosa ya Amerika ya Kati ni mtu wa usiku kama wetu, nyeupe, haina neno mchana kutwa. Ukinunua yoyote kati ya hizo, uliza inanukia saa ngapi, kisha iweke mahali unapokaa saa hiyo. Ya usiku iwe karibu na dirisha la chumba cha kulala au barazani. Ya asubuhi iwe jikoni.

Neno moja hapa nitalisema kwa nguvu. Msizing'oe porini. Tunda moja la okidi linaweza kuwa na mbegu laki kadhaa, hata mamilioni, lakini kila mbegu ni ndogo kiasi kwamba pumzi yako inaipoteza, na haina akiba ya chakula ndani yake. Mfaransa Noël Bernard aligundua mwaka 1899 kwamba mbegu hiyo haichipui mpaka ikutane na kuvu anayeilisha. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba inaweza kuchipua ndani ya chupa, juu ya rojo yenye sukari, bila kuvu. Ndiyo maana leo vitalu vinaweza kukuuzia mche. Porini hakuna chupa. Mbegu chache mno zinafika, na inachukua miaka mpaka mche mmoja uchanue, halafu mtu anapita na panga na kuubeba kwa dakika mbili. Juu kule Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye uwanda wa Kitulo ambao watu huuita Bustani ya Mungu, okidi za ardhini zilichimbwa kwa magunia kwa ajili ya viazi vyake, vinavyoliwa Zambia kwa jina la chikanda. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, na maua yalikuwa sababu kubwa ya kuilinda. Wewe nunua kitaluni, au mwombe jirani mwenye okidi akukatie chipukizi lenye mizizi yake. Na tawi likiangushwa na dhoruba likiwa na okidi juu yake, muulize mwenye shamba au afisa misitu kabla ya kuliinua.

Asiye na okidi asinung'unike. Bibi zenu walijua maua ya usiku kabla vitabu havijafika. Asumini hufumbua jioni, nayo inachumwa alasiri ikiwa bado matumba yaliyofumba, ili ifunguke ikiwa tayari imeshatungwa kwenye kikuba pamoja na rehani, au imeshawekwa kwenye nywele. Ua la kilua nalo limo vikubani vilevile. Mtaalamu Bernard Verdcourt alipouandika mti wake mwaka 1970 aliuita Mkilua fragrans. Mlangilangi unanukia zaidi usiku, na huko Komori, kunakotoka mafuta yake mengi, maua huchumwa alfajiri kabla jua halijafukuza harufu, na miti inapunguzwa iwe mifupi ili wachumaji wayafikie. Asumini ndiyo rahisi kuanza nayo. Kata kijiti chenye urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye udongo unaopitisha maji, kiwekwe kivulini mpaka kichipue, kisha kipewe jua la kutosha. Baada ya kila mchanuo punguza matawi, kwa sababu asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Usipopunguza utapata kichaka cha majani.

Nimebakiza okidi moja, na hii mmeshaila. Vanila ni okidi. Ni mmea unaotambaa, asili yake Meksiko na nchi za jirani, na yale maganda meusi yanayotiwa kwenye keki na aiskrimu ni matunda yake. Wafaransa waliupeleka kisiwa cha Bourbon, leo kinaitwa Réunion, mashariki ya Madagaska. Ulikua, ulichanua, lakini ulikataa kuzaa, kwa kuwa wadudu wake walibaki Meksiko. Mwaka 1836 Mbelgiji Charles Morren alifaulu kuuchavusha kwa mkono kule Ulaya, lakini njia yake haikumfaa mkulima shambani.

Bourbon ilikuwa kisiwa cha mashamba ya watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa Madagaska na pwani yetu, Kilwa ikiwemo. Humo mwaka 1829 alizaliwa mtoto aliyeitwa Edmond, mama yake akafariki wakati wa kumzaa. Mtoto akawa mali ya mtu aliyependa mimea, Ferréol Bellier-Beaumont, na akawa anafuatana naye bustanini, akijifunza maua moja baada ya jingine. Siku moja mwaka 1841, Edmond akiwa na miaka 12, bwana wake alikuta tunda kwenye mvanila uliokuwa umekaa miaka karibu 20 pasipo kuzaa, kisha akaona jingine. Edmond akasema ni yeye. Hakuaminiwa, akaambiwa aonyeshe. Akaonyesha. Wenye mashamba ya jirani wakamwita awafundishe, na kutoka kidole gumba cha mtoto huyo kikaanza kilimo cha vanila cha visiwa vya Bahari ya Hindi. Madagaska leo ndiyo inayoongoza duniani.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1848 alipata uhuru na jina la pili, Albius. Fedha hakupata. Mzungu mmoja mtaalamu wa mimea akadai kwamba yeye ndiye aliyeigundua njia ile. Bellier-Beaumont akasimama kumtetea Edmond kwa maandishi, na ndiyo maana mimi nalijua jina lake na ninawasimulia ninyi. Alifariki mwaka 1880, maskini. Mimi nikitaja vanila namtaja yeye kwanza.

Ukiwa Kagera, Kilimanjaro, Unguja au Uganda unaweza kuufanya ujuzi wa Edmond kwa mkono wako mwenyewe. Ua la vanila hufunguka alfajiri na siku hiyohiyo linakwisha, kwa hiyo zunguka mapema, kabla ya saa tano. Shika ua kwa mkono wa kushoto. Kwa kijiti chembamba, hata mwiba wa mlimau unafaa, pasua taratibu kile kipande kinachofunika katikati, utaona kiini cheupe. Chini ya kofia ndogo ya kiini kuna chavua ya manjano, na chini ya chavua kuna kilimi chembamba kinachoizuia isifike inakotakiwa. Inua kilimi hicho kwa kijiti, kisha bonyeza kwa kidole gumba, chavua igusane na sehemu yenye utelezi iliyo chini yake. Basi. Mwenye mkono uliozoea anafanya mamia kwa asubuhi moja, lakini wewe katika kikonyo kimoja usizidishe maua manane au kumi, mmea utachoka.

Kesho yake pita tena. Ua ambalo halikushika linadondoka ukiligusa. Lililoshika limenyauka lakini linabaki pale pale, na baada ya wiki chache utaona kikonyo chake kinarefuka na kunenepa kuwa ganda la kijani. Liache miezi tisa. Likiwa bichi halina harufu ya vanila hata kidogo. Hiyo inakuja baada ya kuchovywa kwenye maji ya moto, kufunikwa blanketi litoe jasho, kuanikwa na kufunikwa tena kwa wiki nyingi, na hiyo ni kazi ya wakubwa wenu. Waambieni mapema watafute blanketi.